MAONI YA MHARIRI: MSAADA USIWE POSHO



Katika mkutano mkuu wa tawi unaokuja kuna jambo moja lililowekwa karibu na mwisho wa orodha ya mazungumzo, nasi twachelea kwamba litakapofikiwa wengi watakuwa wamekwisha kuondoka kuwahi magari ya kwenda makwao. Jambo lenyewe ni hili: mfuko wetu wa kusaidiana utawasaidia kwa njia gani wanachama walioumia kazini wakabaki na ulemavu? Je, kamati iwanunulie vitu na kuwachagulia watu wa kuwatunza? Au fedha iwekwe mikononi mwao wenyewe, kila mtu ajiamulie haja zake?

Wako wanaosema kwamba hili ni jambo dogo, ila msaada ufike. Sisi twasema si dogo hata kidogo, na tunaomba kila mwanachama asome maneno haya kabla ya kuinua mkono.

Kwanza tukumbuke kazi yetu ni ya namna gani. Tunaunganisha mabehewa usiku na mvua ikinyesha. Tunainua mataruma, tunapanda juu ya matangi, tunakaa karibu na mashine za karakana ambazo hazijui kuona huruma. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Mtu aingiaye kazini asubuhi na viungo vyote hana hati ya kuthibitisha kwamba atarudi navyo jioni. Basi mtu asidhani kwamba tunawazungumzia watu wengine.

Pili, tukumbuke tulikotoka. Zamani za ukoloni wazee wetu wengi katika kazi za mji na za mashamba makubwa walipewa sehemu ya ujira wao kwa posho. Mwenye kazi alipima unga wa mahindi, akaongeza maharagwe, akasema hiki ndicho chakula chako. Alimwonyesha mtu chumba, akamwambia utalala hapa pamoja na fulani na fulani. Tangu miaka ya 1920 hata mwaka wa 1947 mwanamume Mwafrika alichukua kipande katika kikebe alichokivaa shingoni, na ndani yake tajiri aliandika habari za mtu huyo, ambazo mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuzibadili.

Posho ilijaza tumbo, hilo hatukatai. Lakini mla posho hakuchagua. Kama mtoto wake alikuwa mgonjwa akitaka maziwa, posho ilikuwa unga. Kama alitaka kuweka akiba anunue mbuzi, posho ilikuwa unga. Ndiyo maana wafanya kazi walidai mshahara wa fedha unaotosha mtu na jamaa yake. Walijua kwamba anayekuchagulia chakula, chumba na mwenzi wa chumbani amekutawala, hata akiwa mtu mwema. Jambo hili twalijua vema kwa upande wetu sisi wenye viungo vyote. Mbona tunalisahau mara mwenzetu anapokatwa mguu?

Tuchukue mfano wa kwetu Karurumo, kule Runyenjes katika Kaunti ya Embu, kwa maana mwandishi wa maneno haya ni mzaliwa wa huko. Reli haifiki Embu. Iliyo karibu ni ile iendayo Nanyuki, nasi vijana wa kwetu tukitaka kazi ya reli twashuka mpaka Sagana. Huko Karurumo yuko ndugu mmoja, zamani mwenzetu katika kuunganisha mabehewa, aliyepoteza mguu wa kulia juu ya goti. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa hakutuomba tumtangaze.

Nyumba yake iko mteremkoni katikati ya mibuni. Njia ya kufika barabarani ni ya udongo mwekundu, na mvua za Aprili zikinyesha hata mwenye miguu miwili huvua viatu. Wafadhili walimletea kiti cha magurudumu, wakapiga picha, wakaenda. Kiti kile kilitengenezwa kwa ajili ya sakafu laini, magurudumu yake ya mbele ni madogo, na katika tope kilizama siku ile ile. Mwaka uliofuata walikuja wafadhili wengine, wakaleta kiti cha pili cha namna ile ile, wakapiga picha nao. Leo anavyo viti viwili. Juu ya kimoja mkewe huanika maharagwe, na katika cha pili kuku hutaga.

Kwa muda wote huo hakuna aliyemwuliza, "Ndugu, unahitaji nini?" Angaliulizwa, angalitaja mambo matatu. La kwanza, mpira wa kuvalisha ncha ya gongo, maana huisha upesi na gongo lisilo na mpira huteleza. La pili, nauli ya pikipiki siku za soko, afike kibandani kwake anapotengeneza redio na simu, apate riziki yake. La tatu, kijana wa kumsaidia kuteka maji na kufua nguo, na kijana huyo amchague yeye. Sasa anaye kijana aliyeletwa na ukoo, na kijana huyo humfokea mbele ya watu. Bei ya viti vile viwili ingalimtosha kwa mpira na nauli siku nyingi sana.

Wafadhili wale si watu wabaya. Walitoa mali yao. Lakini kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mwenye kujua ulemavu wake, njia ya kwake, tabia za jamaa zake na saa za mwili wake kuuma, ni yeye mwenyewe.

Tutazame na msaada wa serikali. Tangu mwaka wa 2011 serikali ya Kenya imekuwa ikitoa fedha kwa watu wenye ulemavu mkubwa, na mpango huo umo ndani ya Inua Jamii. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Ukigawanya kwa siku 30 ni kama shilingi 66 kwa siku, ambazo hazimlipi kibarua wa shamba hata nusu ya siku. Tunaendelea kudai ziongezwe. Lakini leo tunataka mwangalie pia mkono unaopokea. Mpango uliwekwa kwa ajili ya mtu anayehitaji kutunzwa wakati wote, na kwa sababu hiyo anayeandikwa kupokea fedha ni mlezi wake.

Walezi wengi ni waaminifu kupita kiasi. Mama anayemgeuza mwanawe kitandani usiku mara tatu hastahili kushukiwa na mtu. Wala mtoto mchanga hawezi kupokea fedha mwenyewe. Lakini mtu mzima wa miaka 40, mwenye akili timamu, ambaye hawezi tu kutembea, kwa nini amngoje ndugu yake arudi kutoka mjini ndipo ajue kama fedha yake imekuja? Na mlezi akiwa mlevi, mwenye kunyanyaswa atamshtaki kwa nani, hali chakula, maji na mlango wa nyumba vyote vimo mikononi mwa yule yule atakayeshtakiwa? Mfanya kazi aliyepata kukaa chini ya mnyapara mkali anafahamu woga huo.

Wako wanaodhani kwamba madai haya yameletwa juzi kutoka ng'ambo. Sivyo. Mwaka wa 1956 iliundwa katika nchi hii Kenya Society for the Blind, shirika la kuwasaidia vipofu. Mwaka wa 1959 vipofu wenyewe waliunda chama chao, Kenya Union of the Blind. Sisi wa vyama vya wafanya kazi twafahamu mara moja tofauti ya hayo mawili. Kamati ya tajiri ya kuangalia hali ya wafanya kazi yaweza kufanya mema mengi, lakini si chama cha wafanya kazi. Mwaka wa 1964 watu wenye ulemavu walikaa katika barabara za kwenda Ikulu, Nairobi, wakitaka shida zao zimfikie Kenyatta. Serikali iliweka kamati chini ya Ngala Mwendwa, aliyekuwa Waziri wa Kazi, na mwaka wa 1968 ikatoa siasa yake juu ya matunzo na mafunzo ya watu wenye ulemavu. Baadaye vilijengwa vyuo vya kufundisha ufundi katika sehemu mbalimbali za nchi, na Embu pia kimo kimoja. Mwaka wa 1989 vyama vya watu wenye ulemavu vya namna mbalimbali viliungana katika United Disabled Persons of Kenya. Kwa hiyo mwendo huu ni wa wazalendo wa hapa hapa, nao ulianza kwa njia ile ile tuliyoanza sisi, yaani kuungana na kukataa kusemewa.

Sheria nazo zimekuja nyuma ya mwendo huo. Mwaka wa 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na kwa sheria hiyo likaundwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwaka wa 2008 Kenya ilikubali Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 19 cha mkataba huo chasema kwamba mtu ana haki ya kuchagua mahali pa kukaa na watu wa kukaa nao, wala asilazimishwe kukaa pamoja na watu asiowataka. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 54, yasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aitwe kwa jina lisilomdhalilisha. Mwezi wa Mei 2025 Rais alitia sahihi sheria mpya mahali pa ile ya 2003. Maneno mazuri tunayo ya kutosha. Linalobaki ni kuyafikisha Karurumo, na katika mfuko wa tawi letu.

Habari moja ya Marekani yafaa kutajwa hapa. Ed Roberts alipata ugonjwa wa kupooza mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 14, akabaki hawezi kutumia mikono wala miguu, na kwa sehemu kubwa ya siku alipumua kwa msaada wa mashine. Idara ya jimbo la California iliyohusika na mafunzo ya watu wenye ulemavu ilimkataa, ikisema hawezi kufanya kazi. Hata hivyo aliingia chuo kikuu cha Berkeley mwaka wa 1962. Yeye na wenzake walikuwa katika waanzilishi wa nyumba ya huduma iliyofunguliwa Berkeley mwaka wa 1972 na kuendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Msimamo wao ulikuwa kwamba mtu wa kukusaidia umwajiri wewe, umwelekeze wewe, na akikukosea umwachishe wewe. Mwaka wa 1975 gavana alimweka Roberts kuwa mkuu wa idara ile ile iliyomkataa. Uingereza nayo, mwaka wa 1996, ilipitisha sheria ya kuziruhusu serikali za mitaa kumpa mtu mwenye ulemavu fedha mkononi ajitafutie msaada wake, mahali pa kumpangia kila kitu.

Sasa tujibu wanaopinga, maana ni wanachama wenzetu na hoja zao zina uzito.

Wa kwanza wasema, "Tukimpa fedha atainywa." Twajibu: dereva wa gari la moshi akipokea mshahara akaumaliza kilabuni, mkewe atalia na wazee watamwonya, lakini hakuna aliyepata kusimama mkutanoni akasema kwamba kuanzia leo madereva wote walipwe unga. Kosa la mtu mmoja huonywa mtu mmoja. Kukatwa mguu hakumfanyi mtu mlevi.

Wa pili wasema, "Je, asiyeweza kuamua?" Hili ni swali zito kuliko yote, wala hatulirukii. Wako waliopigwa kichwani wakapotewa na fahamu, wako waliozaliwa na akili nzito, wako wasioweza kutamka. Mkataba tuliotaja, katika Kifungu cha 12, watufundisha kwamba mtu wa namna hiyo asaidiwe kuamua kabla ya mwingine kushika uamuzi wake. Asiyesema hukataa uji kwa kufumba mdomo, na humkubali mtu kwa kutulia anapoguswa naye. Anayemjua ataona. Na kiziwi asihesabiwe katika kundi hili kabisa. Yeye analo neno, ila sisi hatukujifunza lugha yake, na Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge.

Wa tatu wasema, "Mfuko ni wa wote, lazima hesabu ionekane." Kweli kabisa. Mwenye kupokea aandike katika daftari fedha imetumika kwa nini, na kamati iitazame. Lakini kutazama hesabu ni mbali na kushika mfuko wa mtu. Katibu wetu naye hutazamwa hesabu zake kila mwaka, wala hatumkatazi kuchagua kalamu.

Liko na neno la nne, ambalo hatujalisikia likisemwa, nasi tunalisema wenyewe kwa sababu hiki ni chama cha wafanya kazi. Msaidizi naye ni mfanya kazi. Katika vijiji vyetu anayeosha, anayebeba, anayepika na anayekesha kwa kawaida ni mke, mama, au binti aliyeondolewa shuleni. Hana mshahara, hana siku ya kupumzika, na mgongo ukimwuma hakuna fidia. Tukisema mwenye ulemavu achague msaidizi wake, hatusemi apate mtumwa. Fedha ya msaada lazima itoshe kumlipa msaidizi kwa haki, ili naye aweze kusema nakubali au nakataa. Hapo ndipo wote wawili huwa huru. Mke hurudi kuwa mke, na binti hurudi shuleni.

Tena tusisahau fedha ambayo tayari ni haki ya mtu. Kwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, aliyepata ulemavu kamili wa daima hulipwa mapato ya miezi 96, na mwenye ulemavu wa sehemu hupata kwa kadiri ya jeraha lake. Twajua yanayotokea. Mtu angali hospitalini, na nyumbani jamaa wamekwisha kukaa kikao kugawanya fidia yake: huyu karo, huyu mabati, huyu pikipiki. Siku anayotoka kwa magongo anakuta uamuzi umekwisha. Fidia ile ni mguu wake uliogeuzwa fedha. Hakuna mwenye haki ya kuugawanya ila mwenyewe.

Vilevile mwanachama mwenye ulemavu anayeendelea na kazi na aliyeandikishwa na Baraza la Taifa anaweza kuomba asamehewe kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mwezi. Akiwa katika utumishi wa serikali anaweza kuendelea na kazi mpaka umri wa miaka 65, wakati wengine wanastaafu wakiwa na 60. Fedha hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kulipa msaidizi amtakaye. Na mwajiri anapotaka kumpa aliyeumia kazi nyingine, amwulize kwanza anaweza nini na anapenda nini. Si kila aliyepoteza mguu amezaliwa kuwa bawabu wa lango.

Kwa hiyo tunawaomba mje mkutanoni mkubali mambo haya matano:

1. Msaada wa mfuko kwa mwanachama mwenye ulemavu utolewe kwa fedha, mkononi mwake au katika simu yake mwenyewe. Akipenda kununuliwa kitu, aseme kitu gani.

2. Msaidizi achaguliwe na mwanachama mwenyewe, na mwanachama awe na uwezo wa kumwachisha. Asiyeweza kutamka asaidiwe na mtu anayemwamini, na kamati impelekee mjumbe wa kumwona mwenyewe ana kwa ana.

3. Msaidizi alipwe, hata akiwa wa jamaa.

4. Tawi limpe kila aliyeumia mtu wa kumweleza haki zake za fidia na kodi kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote.

5. Katika kamati ya mfuko wawepo wanachama wawili wenye ulemavu, waliochaguliwa na wenzao wenye ulemavu, tena wawe na kura.

Liko na jambo moja la kutendwa kabla ya siku hiyo. Mkutano umepangwa kufanyika katika chumba cha juu, chenye ngazi. Tunamwomba katibu auhamishe ufanyike chini, hata kama ni uwanjani chini ya miti, na habari hii iwekwe juu kabisa ya orodha badala ya mwisho. Haifai tujadili maisha ya ndugu zetu hali wao wameketi chini ya ngazi wakisubiri kuambiwa tumewaamulia nini.

Njoni mapema, na kila mmoja wenu apitie kwa mwenzetu aliyeumia anayekaa karibu naye. Mwulizeni kama atakuja, na kama atahitaji msaada wa njiani. Akisema ndiyo, mwulizeni msaada gani.

Mhariri